Bega la Kushoto

Raihana aliipokea simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, wala hakushughulika na uso. Alikwenda moja kwa moja mabegani.

"Koti ni langu," alisema. "Aliyelivaa siye niliyemshonea."

Mpelelezi Cécile Mukashema aliacha kuandika. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, tarehe thelathini na moja Desemba, na nje ya kiduka hicho cha ushonaji cha Muhima, Kigali, watu walikuwa wakinunua vitu vya sikukuu kana kwamba kesho soko lingehama. Cécile mwenyewe alikuwa ameingia hapo kumalizia tu. Alitaka fundi athibitishe koti, aandike mstari mmoja, afunge jalada, aende zake nyumbani akapike.

Jalada lenyewe lilikuwa jepesi. Kwa siku tatu mfululizo mjane mmoja aitwaye Nyiramana alikuwa amekuja ofisini Kacyiru, akakaa kwenye benchi na kusema kwamba binti yake Natacha amepotea. Kwa siku tatu hizo karatasi zilimpinga. Natacha, mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na sita, alikuwa ameshinda shindano la redio: safari ya Seoul pamoja na wageni wengine kumi na mmoja, kwenda kuona theluji na sherehe za Wakorea za kumaliza mwaka. Pasipoti yake iligongwa muhuri uwanja wa ndege tarehe ishirini na nne. Kiongozi wa msafara alisema watu wake wote wako salama. Na kila siku picha mpya iliingia kwenye simu ya mama: Natacha kwenye theluji, Natacha kando ya kijito kilichopambwa kwa taa za karatasi, Natacha amechuchumaa juu ya barafu akivua samaki kupitia tundu. Mtu wa namna hiyo hajapotea, anajistarehesha.

"Sauti," Nyiramana alikuwa akirudia kila asubuhi. "Munipe sauti yake. Ule mutoto hawezi kumaliza siku bila kunipigia. Sasa iko anaandika tu, anaandika tu."

Neno hilo ndilo lililomleta Cécile Muhima. Katika picha zote sita palionekana macho tu. Vingine vilifunikwa na kofia, skafu na barakoa, kama ilivyo kawaida ya watu wa baridi. Kitu pekee kilichoonekana chote kilikuwa koti zito la rangi ya maziwa.

"Umejuaje kuwa siye?" aliuliza.

"Nimejuaje!" Raihana alicheka bila furaha. Babu yake alifika mji huu kutoka pwani na marobota ya vitambaa, na ukoo mzima tangu hapo umekula kwa sindano. "Afande, Natacha alianguka na pikipiki mwaka juzi, akavunjika mtulinga. Ukaunga vibaya. Bega lake la kushoto liko chini vidole viwili. Watu hawaoni, lakini mimi nilimpima. Nikajaza sifongo upande huo ili koti likae sawa. Sasa tazama hapa."

Cécile alitazama. Bega moja la koti lilikuwa limeinuka hadi kugusa skafu.

"Picha za simu mara nyingine hugeuza kushoto kuwa kulia," alisema, kwa sababu kazi yake ni kubisha.

"Igeuze utakavyo. Akilivaa Natacha, hakuna bega litakaloinuka. Likivaliwa na mtu mwenye mabega yaliyo sawa, moja litampanda tu."

"Alikuja kupimwa peke yake?"

"Alikuja na ndugu yake, Joselyne, mtoto wa mama yake mdogo. Wallahi, ungewachanganya. Macho yale yale, paji lile lile. Natacha alipomaliza kujaribu, yule naye akalivaa, akasimama mbele ya kioo. Nikamwambia, dada, vua, si lako, linakupanda begani. Akacheka. Halafu akageuka tena kujitazama." Raihana alirudisha simu. "Aliniambia ameomba viza mara mbili, mara mbili wamemnyima."

Cécile alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Kwa siku tatu alikuwa akimwambia mama wa watu atulie.

Alimpigia kiongozi wa msafara akiwa bado amesimama kati ya marobota ya vitambaa. Seoul ilikuwa inakaribia saa tatu usiku, kwani wao wako mbele ya Kigali kwa saa saba. Salvator alipokea kwa uchangamfu wa mtu aliyelipiwa chakula.

"Afande! Huku baridi imetoboa mifupa!"

"Natacha yuko karibu nawe?"

"Yuko meza ya mwisho. Tunakula."

"Basi usimtazame. Jibu ndiyo au hapana. Umewahi kusikia sauti yake?"

"Hapana. Alikuja uwanja wa ndege na mafua, sauti imekauka. Anaandika kwenye simu, anatuonyesha."

"Ulimjua kabla ya siku hiyo?"

"Hapana. Nilihesabu pasipoti, nikahesabu vichwa."

"Usiku huu mnafanya nini?"

"Saa sita tunakwenda kwenye kengele kubwa. Wanaipiga mara thelathini na tatu kuukaribisha mwaka. Watu ni wengi sana pale, nimewaambia washikane mikono. Halafu alfajiri tunakwenda baharini kuona jua la kwanza, tukirudi ni supu ya mwaka mpya." Sauti yake ilishuka. "Afande, kuna kitu. Leo amekuja chakulani na begi lake lote. Na ameniuliza mara tatu treni za chini ya ardhi zinafanya kazi hadi saa ngapi."

Cécile alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji vidole. Saa sita usiku ya Seoul ni saa kumi na moja jioni ya Kigali. Kengele ikianza kulia, Joselyne angezama ndani ya umati na pasipoti ya mwenzake, na kesho karatasi zingeandika kwamba Natacha ametoroka msafara huko Korea. Tangu hapo angetafutwa Seoul, asitafutwe Kigali kamwe. Na kama Natacha bado alikuwa hai, aliyekuwa amemficha, popote alipomficha, asingekuwa na haja ya kuendelea kumlisha.

"Salvator, sikiliza. Huyo siye Natacha. Usimwambie kitu, wala wenzako usiwaambie. Akishtuka tu atatuma ujumbe huku, na huku kuna mtu atakufa. Kaa naye. Kengele ikianza, mshike mkono kama mlivyokubaliana, na usiuachie hata akikuuma."

"Na polisi wa hapa?"

"Tunawapigia sasa hivi. Watakaa nyuma yako."

* * *

Nyiramana alikuwa palepale kwenye benchi, rozari mkononi, viatu vyake vya Jumapili vimepangwa sawasawa. Cécile hakukaa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

"Mama, naomba uniwie radhi. Ulikuwa na haki."

Mama alifumba macho tu, akayafumbua.

"Joselyne yuko wapi?"

"Joselyne? Amekwenda Ngozi, Burundi, kufanya bonane, sikukuu ya mwaka mupya. Ndiye alimulalisha Natacha kwake ile siku ya mwisho, ili amusindikize asubuhi kwenye uwanja wa avion. Kwa nini?"

"Ana mchumba?"

"Évode. Ni zamu kule Nyarutarama, analinda nyumba ya watu wakubwa. Nyumba gani sijui. Patron wake amekwenda Ulaya kwa Noeli."

Nyumba za wakubwa wa Nyarutarama zenye mlinzi na mwenyewe akiwa Ulaya wakati wa Noeli zingejaza daftari. Cécile aliomba simu ya mama. Jana Nyiramana alikuwa amemtega binti yake kwa swali, na Cécile alikuwa amelisoma jibu haraka haraka na kulidharau. Sasa alilisoma polepole. Mama aliuliza: tulikula nini siku ya komunyo yako ya kwanza? Jibu lilisema: Mama, siwezi kusahau. Ulikaanga mukeke na ndizi, na watoto wa jirani walikuwa wakirusha mipira juu ya bati letu kutwa nzima mpaka baba akawafukuza.

"Hapa ulisema binti yako amechanganyikiwa."

"Si baridi imemuharibu kichwa? Mukeke ni kweli, ule samaki niliukaanga mimi, Bujumbura pale. Lakini baba yake alikuwa amekufa miaka mbili kabla. Na tulikuwa tunakaa nyumba ya misioni, ya vigae. Bati hakuna."

"Joselyne alikuwepo siku hiyo?"

"Oya, hakuwepo. Yeye amekulia Ngozi. Habari ya mukeke angeijulia wapi?"

Cécile alitazama saa za ujumbe. Swali lilitumwa saa nane mchana. Jibu lilikuja saa kumi na mbili jioni, ambayo Seoul ni saa saba usiku. Hakuna mtalii anayeamka saa saba usiku kukumbuka samaki. Joselyne alikuwa amelituma swali Kigali, akakesha akingoja jibu lirudi. Kwa hiyo hadi jana jioni Natacha alikuwa hai, na kuna mtu aliyemsimamia akimwuliza. Naye Natacha alitoa ukweli wa samaki ili aaminiwe, kisha akapachika ndani yake uongo ambao mama yake peke yake angeushangaa.

"Baba ni uongo," Cécile alisema. "Bati ni uongo. Kwa nini mtu aliyefungiwa achague bati na mipira?"

Zephaniah, dereva wake, aliyekuwa mlangoni akichezea funguo, alikohoa. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye hujifanya hasikilizi. "Afande, Nyarutarama si kuna uwanja wa gofu?"

* * *

Ukuta wa uwanja ulipakana na nyumba kama thelathini, zote za vigae. Cécile hakutaka kugonga mageti. Mlinzi mmoja akiulizwa, wote wanajua kabla hujafika geti la pili. Badala yake aliingia uwanjani kumtafuta mtu anayefahamu mipira inapoangukia, na akampata Ismaël, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akibeba mifuko ya wachezaji na kuwaokotea mipira yao bila kuwacheka.

"Bati?" Ismaël alikuna kidevu. "Hapa ni vigae tu. Bati iko moja, kile kijumba cha boyi nyuma ya geti ya kijani. Wale wanaojifunza wanaipiga kila siku, paa! paa! Lakini wiki hii ule zamu amekuwa mubaya. Zamani alituacha tuingie kuokota. Sasa anatupa mipira mwenyewe juu ya ukuta, hataki mutu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Noeli."

Saa kumi na dakika ishirini na tano. Cécile aliita kikosi kwa simu, akaambiwa kimekwama kwenye foleni ya sikukuu, dakika arobaini. Dakika arobaini hakuwa nazo. Aliliangalia lile bati likimeta nyuma ya ukuta, halafu akamwangalia Ismaël.

"Wewe mwenyewe unajua kupiga?"

Ismaël aliona haya. "Wakienda nyumbani, napigapiga."

"Unaweza kuliangushia mpira lile bati kwa makusudi?"

"Madame, miaka kumi na tisa nimeambiwa kule usipige."

"Leo piga. Nikishaingia, hesabu dakika tano, kisha piga mpaka lilie."

Zephaniah alizunguka upande wa ukuta. Cécile alivua beji shingoni, akaiweka mfukoni, akaenda kugonga geti la kijani peke yake.

Évode alifungua nusu. Kijana mrefu, safi, mwenye adabu, na simu mkononi.

"Patron haiko, madame. Iko Ulaya mpaka tarehe kumi."

"Simtafuti patron. Natoka uwanjani. Watu wanalalamika mipira yao inapotelea kwako."

"Naitupa yote. Siibi mipira, mimi."

"Sijasema unaiba. Niache niangalie kwenye maua, niandike kwamba nimeangalia, niende. Na mimi nina bosi."

Hilo alilielewa. Akampisha. Cécile alitembea polepole kandokando ya mawaridi, akiinama hapa na pale. Kijumba cha bati kilikuwa mwisho wa bustani, mlango wa chuma, kufuli mpya. Nyuma yake, kwenye migomba, palikuwa na jembe lenye udongo mbichi na shimo refu, jembamba, lililonyooka kingo.

"Unalima?"

"Shimo ya taka."

"Taka nyingi."

"Ni sikukuu, madame."

Cécile aliendelea kuinama. Évode alitazama simu yake. Akaitazama tena.

"Unangoja simu?"

"Nangoja mwaka mupya."

"Zimebaki saa saba."

"Kila mutu na saa yake," alisema Évode, kisha akaonekana kujutia alichosema.

Kitu kilianguka puh! ndani ya mawaridi. Mpira mweupe, mita tatu kutoka kwenye bati. Évode aliuokota kwa hasira na kuutupa ng'ambo. Saa kumi na dakika arobaini na nane. Cécile alimwomba Mungu amsaidie Ismaël, ombi ambalo hakuwahi kufikiri angelitoa maishani. Mpira wa pili uligonga ukuta na kurudi ulikotoka.

"Tosha, madame. Toka. Umeangalia."

"Nimalizie hapa nyuma."

"Nimesema toka!"

Alikuwa amemshika mkono. Na hapo mpira wa tatu ukashuka katikati ya bati kwa kishindo, ukadunda, ukabingirika. Kabla mlio haujaisha, ndani ya kijumba kitu kikagonga chuma: ko, ko, ko.

Wote wawili walisimama.

"Iko mbwa," Évode alisema.

"Mbwa anayehesabu hadi tatu?"

Évode alimwachia mkono na kukimbilia jembe. Hakulifikia. Zephaniah, ambaye kila siku hulalamika magoti, alikuwa ameshuka ukutani na kumwangukia kwa uzito wake wote, na Cécile akamtia pingu uso ukiwa kwenye udongo alioufukua mwenyewe. Ufunguo ulikuwa ndani ya soksi.

Natacha alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kikombe cha bati mkononi. Alikuwa amekonda, midomo imekauka. Bega lake la kushoto lilikuwa chini vidole viwili, na Cécile alipoliona hilo bega alitamani kulia.

"Mimi ni polisi. Kwisha. Toka, dada."

"Mama alielewa?" Natacha aliuliza. "Kuhusu bati?"

"Alielewa kwamba kuna kitu hakiko sawa. Hakukubali kuondoka kwenye benchi yetu."

Walimketisha kwenye ngazi za veranda, akanywa maji kwa mikono miwili. Alieleza kwa maneno machache. Chai kwa Joselyne, usingizi mzito, kuamkia kwenye giza la kijumba hiki. Évode alikuja na maswali ya mama, akamwambia asipojibu sawasawa mama naye atafuatwa.

"Joselyne hakujua," aliongeza. "Ni Évode huyu. Joselyne hawezi. Tumelala kitanda kimoja."

Simu ya Évode alikuwa ameishika Cécile, na saa ilisoma kumi na moja na dakika moja. Ilitetemeka. Alichelewa kuificha, Natacha alikuwa ameshaona. Juu ya ujumbe palikuwa na jina Natacha na picha yake mwenyewe akicheka, kwa sababu simu iliyotuma ilikuwa yake, aliyoporwa usiku ule. Maneno yalikuwa matatu.

Imelia. Maliza sasa.

Natacha aliyasoma, akayasoma tena. Alikiweka kikombe chini taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

Simu ya Cécile ikaita. Ilikuwa Salvator, na nyuma yake maelfu ya watu wakipiga vifijo, na juu ya vifijo mlio mzito wa kengele uliokwenda mbali kabla ya kurudi tena.

"Nimemshika!" alipaza sauti. "Aliandika kwa mkono mmoja, ule mwingine sikuuachia. Polisi wako naye. Afande, huko mmewahi?"

"Tumewahi."

Alikata, akatafuta namba ya Kacyiru, akaomba simu ipelekwe kwenye benchi. Kisha akamwekea Natacha sikioni.

"Mama," alisema Natacha. "Ni mimi."

Upande wa pili rozari ilisikika ikianguka sakafuni. Kisha sauti ya Nyiramana ikaja, si kwa binti yake, bali kwa ofisi nzima, kwa makarani na walinzi na wote waliomwambia kwa siku tatu atulie.

"Iko anaongea!" alilia. "Musikie! Mutoto wangu iko anaongea!"